Mbwigu, magpai na vifaranga wa Mama

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya maelezo ya hifadhidata, na itakuja, lakini leo nivumilieni nizungumzie ndege. Ndege mwenye mbawa na manyoya, si ile ya kwenda Dubai. Kuna kosa nililofanya Aprili 2024 ambalo bado limenikaa kooni, na kwa kuwa kosa lenyewe lilipitia kwenye simu na kwenye kichwa cha mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, naona mahali pake ni hapa.

Mama anaishi Limuru. Ana shamba la nusu ekari: sukuma wiki, viazi, miparachichi miwili, na kuku wa kienyeji. Kuku ndio hasa biashara yake. Huuza mayai, na majirani humjia kununua vifaranga. Upande mmoja wa shamba kuna ua wa kayaba, ule mti wa miiba ambayo ikikuchoma unaikumbuka wiki nzima. Upande wa pili ni seng'enge, na juu yake unapita waya wa stima. Mimi siku za kazi niko Nairobi mbele ya skrini, Ijumaa jioni napanda matatu kwenda nyumbani.

Mwezi ule vifaranga walianza kupotea. Mmoja leo, wawili kesho kutwa. Ndani ya wiki mbili walikuwa wamekwenda 9 kati ya 22. Kijana anayemsaidia Mama shambani alisema amemwona mwizi mara moja, kwa mbali, akiruka na kitu mdomoni. "Ni ndege mweusi na mweupe," akasema. Basi, ripoti ikaishia hapo. Kama umewahi kupokea malalamiko ya wateja wa programu unaijua ripoti ya namna hii. Ni ndugu yake "sistimu haifanyi kazi."

Jumamosi asubuhi nikatoka na kikombe cha chai, na juu ya waya wa stima nikamwona. Mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mkia mrefu, amekaa wima kama askari wa zamu. Mama akanishika mkono akanipeleka kwenye kayaba. Kwenye miiba palikuwa na panzi wawili na mjusi mdogo, wametungwa kama mishikaki.

"Unaona?" Mama akasema. "Huyu si ndege, ni muuaji."

Nikampiga picha kwa simu. Alikuwa mbali, nikavuta kioo mpaka picha ikawa madoa matupu. Nikaiweka kwenye huduma moja ya kutambua picha, na baada ya sekunde mbili jibu likaja: magpai, asilimia 80 na ushee. Nikasoma maelezo. Magpai hula wadudu, nafaka, mizoga, na pia mayai na makinda ya ndege wengine. Kesi imekwisha!

"Ndiye huyo, Mama. Anaitwa magpai. Anakula mayai na vifaranga." Niliyasema kwa ile sauti ya mtu aliyelipiwa karo ya chuo kikuu, na aliyeilipa ndiye aliyekuwa akinisikiliza.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa ndani nikirekebisha jambo la kazi. Nikasikia ndege akilia nje kwa ukali, mlio wa kukwaruza, tena na tena. Nikaongeza sauti ya muziki. Nilipotoka kijana alikuwa ameshuka kwenye ngazi. Kiota kilikuwa chini, na ndani yake makinda watatu ambao hata manyoya hawajaota. Mama alikuwa amesimama hapo na jembe, hasemi kitu. Wakazikwa karibu na mbolea. Nami nikarudi Nairobi nikiona nimesaidia nyumbani.

Jumanne simu ikalia. Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, nina jina la babake Mama, kwa hiyo yeye huniita baba.

"Baba, mwingine amepotea."

"Labda ni yule mwenzake, Mama. Wako wawili."

Alhamisi: "Wawili wengine. Nimeuliza duka la dawa za mifugo, wana sumu ya kuweka kwenye vipande vya nyama. Nitaiweka juu ya boma la kuku."

Nilimwomba anisubiri hadi Jumamosi. Sumu ya nyama si mchezo. Haina orodha ya ruhusa kama faili za kwenye seva: mbwa wetu anakula, paka wa jirani anakula, mwewe anakula, na anayekula mzoga wa mwewe naye anaipata. Tai wengi wa Kenya wamekufa hivyo, kwa nyama ambayo mfugaji alimtegea fisi au simba.

Usiku ule nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwanzoni. Niliifungua tena ile picha nikajiuliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza: huyu magpai anaishi wapi?

Anaishi Ulaya, na Asia. Jamaa zake wa karibu wako Amerika Kaskazini, wengine Moroko, Algeria na Tunisia, na wachache wamebaki katika milima ya kusini magharibi mwa Saudia. Ni wa ukoo wa kunguru, na ana akili ya ajabu. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walimbandika doa la rangi chini ya kidevu na kumweka mbele ya kioo, na baadhi yao wakajaribu kulitoa doa kwenye mwili wao wenyewe badala ya kukishambulia kioo. Urefu wake ni kama sentimita 45, na zaidi ya nusu ni mkia. Lakini Afrika kusini mwa Sahara hayupo. Limuru idadi yake ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa asilimia 80 unapata nini? Nilifundishwa somo hilo la uwezekano darasani, nikafanya mtihani wake, nikapata alama nzuri tu.

Ngoja nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye teknolojia yenyewe. Programu ya kutambua picha haijui ndege ni nini. Imeonyeshwa picha nyingi zenye majina, ikajifunza kwamba madoa ya namna hii huenda na jina hili. Ukiipa picha mpya inagawa alama kati ya majina iliyofundishwa, na jina lenye alama nyingi ndilo unaloletewa. Ile asilimia haina maana kwamba kuna uwezekano huo wa kumkuta ndege huyo kwenye waya wenu wa stima. Maana yake ni kwamba kati ya majina yote iliyo nayo, hili ndilo linalofanana zaidi na madoa uliyoipa. Na jina lisilokuwamo haliwezi kutajwa kamwe. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeinyima ruhusa ya kujua niko wapi. Faragha bwana, mimi mtaalamu :-)

Linganisha na Merlin, programu ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Kabla ya kukupa jina inauliza uko wapi, ni tarehe gani, ndege alikuwa na ukubwa gani, rangi zake, alikuwa akifanya nini. Nyuma yake kuna eBird, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2002 ambamo watazamaji wa ndege duniani kote huingiza walichoona na mahali walipokiona. Kwa hiyo orodha ya washukiwa inachujwa kabla ya picha kuangaliwa. Kenya tuna aina zaidi ya 1,000 za ndege, lakini kwenye bustani moja ya Limuru, asubuhi moja, wanaowezekana ni wachache tu. Hapa kwetu pia kuna Kenya Bird Map, iliyoanza 2013, iliyoigawa nchi kwenye miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na mtu yeyote anaweza kuorodhesha ndege wa mraba wake. Ukipenda data na kutembea, hiyo ni dawa yako.

Nikajaza maswali upya. Ukubwa: mkubwa kuliko shomoro, mdogo kuliko njiwa. (Magpai wangu wa asilimia 80 alikuwa na urefu wa nusu tu ya magpai!) Mahali: amekaa wima juu ya waya. Kazi: anatunga panzi kwenye miiba. Jibu likatoka hata kabla ya picha. Mbwigu. Mfanyakazi mwenzangu aliniazima kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki nikahakikisha: mabega yana mstari mweupe unaofanya alama kama V mgongoni, mdomo una ndoano, mkia mweusi wenye kingo nyeupe. Jike ana doa la rangi ya kutu ubavuni. Jina lake la kisayansi linaanza na Lanius, neno la Kilatini lenye maana ya mchinjaji wa nyama, kwa sababu ya ile bucha yake ya miibani. Vitabu vya zamani vinamweka pamoja na mbwigu wa Afrika Kusini, orodha nyingi za leo zimemtenga na kumpa jina Lanius humeralis. Hata huko wanabadilisha majina ya vigeu baada ya programu kuzinduliwa.

Chakula chake: panzi, mende, viwavi, mijusi midogo, mara nyingine kinda la ndege mdogo. Uzito wake haufiki gramu 50. Kifaranga wa kuku aliyeanguliwa leo anakaribia uzito huo huo. Angembebaje aruke naye juu ya ua?

Kwa hiyo makinda watatu tuliowazika karibu na mbolea walikuwa watoto wa ndege aliyekuwa akiwala panzi wa Mama. Nilikaa kitandani na simu mkononi nikiukumbuka ule mlio, na jinsi nilivyoongeza sauti ya muziki.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini. Alfajiri saa kumi na mbili nilikuwa Limuru chini ya mparachichi, nimevaa koti la baridi, daftari mkononi. Kama hujawahi kukaa mahali pamoja saa 3 bila skrini, jaribu. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Halafu kelele ikaanza kugawanyika. Kwarara walipita wakipiga zile kelele zao za matusi. Kwenye uzio alikuja ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, mchangamfu: huyo ni shore, nimemwona maisha yangu yote bila kumjulia jina. Chozi mmoja aling'aa kama shaba kwenye maua. Kurumbiza alirukaruka ardhini, akisimama na kuinua mkia kana kwamba amesahau kitu.

Na kwenye sukuma wiki wakaja wale wa kahawia wenye kishungi na mikia mirefu kupita kiasi, kundi la 8, wakitambaa kwenye majani kama panya. Kuzumburu, wengine huwaita pasa. Wao ndio waliokuwa wakitoboa sukuma, na Mama alikuwa amemwongezea mbwigu kesi hiyo pia. Walipomaliza kula walining'inia kwenye matawi, matumbo yameelekezwa kwenye jua, eti wanapasha chakula moto ili kisagike. Nilicheka peke yangu.

Kitu kimoja nilichogundua chini ya ule mti: rangi ndiyo kitu cha kwanza kukamatwa na jicho na ndiyo inayodanganya zaidi. Ukungu wa Limuru unaifuta, jua likiwa nyuma ya ndege kila mmoja ni mweusi. Bora ukubwa, ukilinganisha na ndege unayemjua. Kisha umbo la mdomo, maana mdomo ni kifaa cha kazi. Kisha tabia. Rangi iwe shahidi wa mwisho. Sisi tulianza na rangi na tukaishia hapo hapo.

Saa tatu kasoro, kuku mama alitoa ule mlio wa hatari na vifaranga wakakimbia. Kivuli kikashuka kwenye paa la boma. Kunguru. Mkubwa, mweusi titi, ila kifua cheupe na ukosi mweupe shingoni. Mweusi na mweupe! Kijana hakudanganya hata neno moja. Kunguru akatua ardhini, akatembea kwa maringo kama mwenye shamba, akamnyakua kifaranga aliyebaki nyuma, akaondoka naye kuelekea kwenye mikaratusi ya jirani. Sekunde 10 hivi. Nilikuwa nimeshika simu na sikupiga picha hata moja.

(Wasomaji wa Mombasa, huyu si yule wenu wa kijivu shingoni. Yule ni kunguru wa kutoka Bara Hindi, alifikishwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na akasambaa pwani. Huyu wa kifua cheupe ni mwenyeji wa Afrika.)

Cha kuchekesha ni kwamba kunguru na magpai ni ukoo mmoja. Ile huduma ilimtaja binamu wa mwizi kwa kutazama picha ya ndege asiye na hatia. Kichekesho hiki sikumwambia Mama.

Nilimkuta jikoni akimenya viazi. Nikamweleza: mwizi ni kunguru, nimemwona kwa macho yangu, yule wa kwenye waya anaitwa mbwigu na anakula panzi. Akaendelea kumenya.

"Lakini ulisema ni yeye."

"Nilikosea, Mama."

"Ulisema jina lake. Ulisema umesoma kwenye simu."

"Nilisoma vibaya."

Akaosha kisu. "Mimi nilikuwa na shaka," akasema. "Wale wadogo walikuwa na panzi mdomoni, mmoja wao. Nikasema, lakini huyu mtoto amesoma."

Sina la kuongeza hapo. Nimeandika programu zilizowapotezea watu data, nimewahi kuangusha tovuti ya mteja Ijumaa jioni, lakini hakuna sentensi iliyowahi kunikalia kama hiyo.

Sumu haikununuliwa. Tulitumia shilingi zile zile na nyingine kidogo kununua waya wa kuku, na Jumamosi mimi na kijana tukatengeneza kizimba chenye paa la waya ambamo kuku mama na vifaranga wanakaa mpaka wakue kiasi cha kunguru kushindwa kuwabeba. Mtu yeyote wa kijijini angeniambia hivyo bila kompyuta, na kwa kweli mamangu mdogo aliniambia, alipokuja na kucheka. Tangu tukiweke amepotea mmoja tu, na huyo alipitia tundu nililoacha mimi. Sukuma tuliifunika kwa chandarua cha zamani upande mmoja, upande mwingine tukawaachia kuzumburu. Mama alisema nao wana njaa.

Mbwigu wawili hawakuhama. Msimu ule sikuona kiota kingine kwenye kayaba, ingawa niliangalia kila wikendi. Ila dume alirudi kwenye waya wake, na mnamo Juni nikaona panzi mmoja ametungwa kwenye seng'enge, mkavu kabisa.

Jambo moja nimelipenda katika haya yote, nalo ni majina. Mbwigu, shore, kuzumburu, kurumbiza, chozi, yote haya yamo katika Kiswahili, nami nimeyajua nikiwa na miaka 28. Tunagombana usiku kucha kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na ndege aliye dirishani tunamwita "kale ka-ndege." Mama naye anayajua kwa Kikuyu mengi kuliko nilivyodhani, na sasa nayaandika kwenye jedwali: safu ya Kikuyu, ya Kiswahili, ya kisayansi. Kuna visanduku vingi vitupu. Mama hataki nivijaze kwa kubahatisha.

Siku hizi ananitumia picha kwenye WhatsApp. Hataki kusogea karibu, anasema atawatisha, kwa hiyo kila picha ni anga la Limuru na nukta. Jana mchana nilikuwa kwenye mkutano wa kazi ikaingia moja: mparachichi, ukungu, na kati ya majani kitu cha kijivu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Chini yake ameandika, "Baba huyu ni nani."

Nikaikuza. Nikaipunguza. Nikamwandikia, "Sijui, Mama. Anakaa wima au ameinama? Ni mkubwa kuliko njiwa?"

Akajibu baada ya dakika 20: "Ngoja nikamwangalie tena."